Miezi Mitatu ya Mpira, Drafti na Filamu

Mwezi wa Juni 2025 tulikuwa migombani, kwenye mazishi ya bibi mmoja wa usharika wetu katika miteremko ya Mlima Meru. Yule kati yetu anayevaa joho aliinama kuchukua udongo, akasema "udongo kwa", kisha akanyamaza. Waombolezaji walidhani ni uchungu, maana bibi yule alipendwa. Mzee wa kanisa aliyesimama karibu ndiye aliyeona mkono unatetemeka. Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, na mwinjilisti akaendelea pale pale neno lilipoishia. Jioni hiyo kipimo cha presha kilisoma 190 kwa 115. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wetu wa kipaimara, aliuliza swali moja tu: mara ya mwisho mlipumzika lini? Tulitazamana. Mama alianza kutaja safari ya Krismasi, halafu akakumbuka kwamba safari ile nayo ilikuwa ya msiba.

Tutasema "sisi" katika habari hii mpaka mwisho, na si kwa adabu ya mimbarini. Katika nyumba ya mchungaji hakuna mgonjwa mmoja. Chumvi ilipokatazwa kwa mmoja ilikatwa kwa wote wanne: baba, mama, kijana wetu wa miaka 17, na mdogo wake wa kike aliyekuwa darasa la tano. Na makosa tutakayoyasimulia, ingawa mengi yalitoka kinywani mwa mmoja, tuliyaishi wote.

Tulipewa likizo ya miezi mitatu, Julai hadi mwisho wa Septemba. Kwa ndugu zetu wa Ulaya hiyo ni miezi ya jua na ya kwenda pwani. Kwetu ni kipupwe: ukungu unashuka hadi kwenye mabati, mlima hauonekani wiki nzima, na nguo zilizoanikwa Jumatatu zinaanuliwa Alhamisi bado zina unyevu. Hatukuwa na mahali pa kwenda, tukabaki hapo hapo kwenye nyumba ya usharika, hatua sitini kutoka kengele ya kanisa.

Wiki mbili za kwanza tulipumzika vibaya sana. Tuliamka saa kumi alfajiri kama kawaida na kuandika mahubiri ambayo hakuna ambaye angeyasikia. Mzee wa kanisa mmoja, yule yule wa kiti cha plastiki, alijiweka getini awarudishe watu wenye shida zao, akaifanya kazi hiyo kwa bidii hata akamrudisha fundi bomba tuliyemwita wenyewe. Lakini kilichotutesa hakikuwa watu. Kilikuwa aibu. Ni Jumanne, saa nne asubuhi, waumini wanapita na majembe, na sisi tumekaa barazani na kikombe mkononi. Kila mtu alipopita tulijikuta tunashika kitabu. Miaka 18 tumehubiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Kumbe tulikuwa tunaishi kama vibarua wanaolipwa kwa idadi ya makaburi.

Katika kitabu kimoja cha siku za chuo cha theolojia tulikuta tena habari tuliyoisoma zamani bila kuitilia maanani. Mwaka 1530 Filipo Melanchthon alikuwa Augsburg akiliandaa lile Ungamo tunalolishika Walutheri wote hadi leo, naye alikuwa anajiua kwa kazi na wasiwasi. Luther, aliyekuwa amekaa kwenye ngome ya Coburg, alimwandikia akimkemea autunze mwili wake, akamwambia kwamba Mungu hutumikiwa hata kwa kupumzika. Maneno hayo aliyaandika Luther, aliyetafsiri Agano Jipya lote kwa wiki chache tu! Lakini Luther huyo alipiga luti, aliimba mezani na watoto wake, na kwa wakati fulani alijifunza useremala wa kuchonga mbao kwa mashine ya kuzungusha. Tulipokuwa wanafunzi tulifanya mtihani juu ya Luther mara nyingi, na hatukuwahi kuulizwa alikuwa anacheza nini.

Sasa tuseme juu ya kijana wetu, kwa ruhusa yake. Ameusoma ukurasa huu na kufuta sentensi mbili.

Mwaka 2023, miezi michache baada ya kipaimara chake, vijana walikuwa wanacheza mpira kwenye uwanja wa kanisa kila Jumapili baada ya ibada ya pili. Siku moja mpira ulivunja kioo cha sakristia wakati kwaya ikifanya mazoezi. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, tulipiga marufuku mpira Jumapili katika eneo lote la kanisa, tukasoma amri ya tatu, na tukamtaja aliyepiga mpira ule. Alikuwa mtoto wetu. Tulifikiri tunaonyesha kwamba mchungaji hana upendeleo. Baada ya hapo alihamia viti vya nyuma, halafu akawa anatoka kabla ya mahubiri, halafu akawa haji. Januari 2025 matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa amepata daraja la nne, lisilompeleka kidato cha tano. Siku hiyo tulisema maneno ambayo ni kati ya yale aliyoyafuta. Alianza kuosha pikipiki kwenye kijiwe cha bodaboda pale njia panda, akawa anarudi usiku tu, kula na kulala.

Agosti michuano ya CHAN ililetwa kwetu. Hii ni ile ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao wenyewe, na safari hii waandaaji walikuwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Mama ndiye aliyelipia kifurushi cha king'amuzi, bila kuomba ushauri wa mtu. Mechi ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi tarehe 2, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Taifa Stars na Burkina Faso. Kijana wetu alikuwa kwenye kibanda umiza pamoja na wenzake wa kijiweni. Sisi watatu tulikaa sebuleni na blanketi, mama akiwa ameweka kipimo cha presha kwenye kiti cha pembeni. Penalti ya kabla tu ya mapumziko ilipotinga wavuni alimfunga mgonjwa wake mkanda mkononi hapo hapo. 150 kwa 95. "Afadhali Stars kuliko baraza la wazee," alisema. Tulishinda 2–0.

Jumatano yake ilikuwa Mauritania. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha, na kijana alirudi mapema kuchukua koti. Akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, akatazama. Dakika zilikwenda bila bao, naye hakuondoka wala hakuketi. Kuelekea mwisho kabisa wa mchezo bao likaja, na kabla hatujajua nini kinatokea tulikuwa tumekumbatiana, baba na mwana, na taa ya sebuleni inabembea kwa sababu mmoja wetu aliigonga kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari. Mpendwa msomaji, laiti tungenyamaza. Tulitaka kusema neno la upendo, na lililotoka ni hili: "Ungekuwa unasoma kama unavyoshangilia, leo ungekuwa kidato cha tano." Akachukua koti lake.

Mama huwa anamwita mumewe kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama wanawake wote wa huku. Anaposema "Mchungaji" ndani ya nyumba, ujue kuna kesi. Usiku ule alisema, "Mchungaji, mtoto huyu umemhubiria miaka kumi na saba. Sasa cheza naye."

Hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Mtu aliyezoea kusema akiwa amesimama mahali palipoinuka hajui aanzie wapi. Mechi ya Madagascar, tuliyoshinda 2–1, kijana hakurudi nyumbani kuiangalia. Lakini pale kijiweni kuna ubao wa drafti, umechorwa kwa makaa juu ya kipande cha mbao, na kete zake ni vizibo vya soda: kumi na viwili vimelala kifudifudi, kumi na viwili chali. Siku za chuo tulicheza drafti hiyo kila baada ya chakula cha mchana, na tulikuwa tunasifiwa. Jumatatu moja alasiri tukavaa sweta badala ya kola ya uchungaji, tukateremka hadi njia panda.

Kijiwe kizima kilinyamaza. Vijana walisimama: shikamoo Mchungaji, shikamoo Mchungaji. Mmoja akafuta kiti kwa tambara la kuoshea pikipiki. Tulipouliza kama kuna wa kucheza naye, walitazamana, kisha wote wakamtazama mmoja. Alikuja akaketi ng'ambo ya ubao bila kusema kitu.

Drafti ina kanuni moja ngumu: ukiona ya kula, lazima ule, hata kama unajua ni mtego. Vijana wa siku hizi wanaicheza kanuni hiyo kama kinanda. Anakupa kizibo kimoja kwa heshima kabisa, unakula kwa sababu huna hiari, naye anapita juu ya vitatu vyako na kutua upande wa pili na kingi. Mchezo wa kwanza haukumaliza dakika tano. Wa pili vile vile. Waendesha bodaboda walianza kuisahau heshima yao na kutoa ushauri kwa sauti, na abiria mmoja aliacha kupanda ili aone mwisho.

Tulirudi kesho yake, na kesho yake tena. Tuligundua jambo ambalo hakuna kitabu cha uchungaji kilichotufundisha: ubao unawapa watu wawili mahali pa kutazama ambapo si machoni. Siku ya nne au ya tano, akiwa ameshika kizibo hewani, kijana alisema polepole, "Ulinitaja jina, baba. Kanisani." Si kwamba alikuwa anabisha kosa la kioo. Kioo alikivunja. Tulitafuta maelezo, yako mengi na mengine yana aya za Biblia, tukaona kila moja ni kizibo cha mtego. Tukasema tu kwamba tulikosea, na kwamba tunamwomba msamaha. Hatukunong'ona, kwa sababu kule kanisani hatukunong'ona. Yule kijana wa tambara aliacha kufuta pikipiki. Mwana wetu akaweka kizibo chake chini. "Cheza, baba," alisema. "Ni zamu yako."

Stars walitoka robo fainali, tarehe 22 Agosti, 0–1 mbele ya Morocco ambao ndio waliokuja kuchukua kombe. Hatujawahi kufika robo fainali ya michuano hiyo kabla ya hapo, kwa hiyo hatukulia sana. Safari hii tuliangalia wote wanne sebuleni. Hakuna aliyetaja shule.

Mpira ulipoisha zikaja filamu. Binti alitunga sheria: kila Ijumaa mmoja anachagua, na wengine wanavumilia. Kijana alikuwa anakwenda na flashi dukani kwa yule anayeingiza muvi, shilingi mia tano moja. Zamu ya kwanza ilikuwa yake, na tulivumilia watu kupigana juu ya paa la treni kwa saa mbili, huku msimulizi wa Kiswahili akiongeza utani ambao hakika haukuwemo kwenye filamu ile. Mama alichagua Vuta N'kuvute, akasifu picha za Zanzibar na akakosoa mapishi. Katika utoto wetu filamu ilikuwa moja tu, ile ya maisha ya Yesu, iliyoletwa kijijini na gari la wainjilisti pamoja na jenereta, ikaonyeshwa kwenye shuka jeupe, na sisi watoto tukaketi upande wa nyuma wa shuka kwa sababu mbele palijaa. Hata leo Yesu tunayemkumbuka anabariki kwa mkono wa kushoto.

Zamu ya baba ilipofika alichagua Chariots of Fire, ya mwaka 1981, aliyoiona mara moja chuoni kwenye ukuta wa bwalo. Ni habari ya Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa China kwa wazazi wamisionari, mwanariadha aliyekataa mbio za mita 100 katika Olimpiki ya Paris ya 1924 kwa sababu mchujo wake ulikuwa Jumapili. Akakimbia mita 400, ambazo hazikuwa zake, akashinda kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia. Filamu inamwonyesha akipata habari ya ratiba wakati anapanda meli. Kwa kweli alijua miezi kadhaa kabla, akapata muda wa kujiandaa. Tulidhani kijana atalala. Alicheka mwanzoni, pale wanapokimbia ufukweni polepole kama watu waliomo ndani ya asali. Baadaye alinyamaza, na mwisho akauliza lile swali ambalo, tukisema kweli, filamu ile tuliichagua nusu kwa ajili yake: "Kwa hiyo ulikuwa sahihi kutuzuia?"

Tulikuwa na jibu la Katekismo. Katika maelezo ya amri ya tatu Luther hazungumzii kabisa kazi gani imekatazwa. Anasema tusilidharau Neno la Mungu na kuhubiriwa kwake, bali tulisikie na kujifunza kwa furaha. Na katika Katekismo Kubwa anaongeza kwamba siku ya kupumzika ni kwa ajili ya mwili pia, kwa watumishi na vijakazi waliofanya kazi wiki nzima, wapate kuburudika. Kijana alisikiliza. "Sasa mbona hukutuambia hivyo?"

Tuliomba muda. Kwa rafiki wa siku za chuo tukaazima kitabu cha maisha ya Liddell, na humo tukakuta sehemu ambayo filamu haiigusi. Mwaka 1925 alirudi China kuwa mmisionari. Vita ilipokuja, Wajapani waliwafungia raia wa nchi za Magharibi katika kambi ya Weihsien, na Liddell akiwa humo. Kambini walikuwemo watoto wa shule waliotenganishwa na wazazi wao, naye aliwafundisha sayansi na kuwaandalia michezo, lakini si Jumapili. Jumapili moja vijana wakacheza hoki wenyewe bila mwamuzi, mchezo ukaishia kwenye ngumi. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba baada ya hapo alikuwa uwanjani siku ya Jumapili, na filimbi mdomoni. Februari 1945 alifariki humo humo kambini kwa uvimbe wa ubongo, miezi michache kabla ya wafungwa kuachiliwa.

Tulikaa na habari hiyo siku kadhaa. Mtu aliyeikataa medali kwa ajili ya Jumapili akaenda kuwa refa Jumapili kwa ajili ya watoto wanaopigana. Hatukuona kwamba amebadilisha imani yake. Kule Paris hakuna mtoto ambaye angeumia yeye asipokimbia. Hatuisemi hii kama fundisho la kanisa, na wapo wachungaji wenzetu tunaowaheshimu watakaosema tumeipinda. Lakini tulipomsomea kijana ukurasa ule, alikwenda kijijiweni bila kusema neno, na kesho yake akarudi na ujumbe: vijana wa bodaboda wanaomba kucheza na vijana wa usharika, Jumapili tarehe 14 Septemba, saa kumi jioni, uwanja wa kanisa. Sharti lao ni moja, nani awe refa.

Tuliomba ruhusa kwa mchungaji wa usharika jirani aliyekuwa anashika zamu yetu, na kwa daktari, aliyesema refa atembee asikimbie. Filimbi tuliazima kwa mwalimu wa shule ya msingi. Kadi ya njano ilikuwa bahasha ya ahadi. Watu walikuja wengi kuliko tunavyowapata kwenye ibada ya pili, na tunalisema hilo bila kulifurahia sana. Refa alisimama katikati kama mlingoti wa bendera na kuamua kwa kubahatisha. Kipindi cha pili alikataa bao safi la bodaboda kwa madai ya kuotea, na mshambuliaji wao, akiwa amelowa jasho, akaja mbele yake akapaza sauti: "Refa, fungua macho!" Uwanja ukanyamaza. Mama, aliyekuwa kwenye benchi la akina mama na kitambaa chake cha kufuma, ndiye aliyeanza kucheka. Tulimpa kijana wetu bahasha ya njano. Akaangalia ndani kama kuna hela, na hapo hata wazee wa kanisa walishindwa kujizuia. Bodaboda walishinda 3–2, na ilipaswa kuwa 4–2.

Si wote waliopenda. Oktoba, baraza la wazee lilipokaa, lilikubali mpira uchezwe baada ya ibada zote na mazoezi ya kwaya kwisha, na wavu ukawekwa mbele ya dirisha la sakristia. Mzee wetu wa getini alisimama akaomba kutokubaliana kwake kuandikwe kwenye muhtasari. Kumeandikwa. Yeye alilelewa na mwinjilisti wa zamani ambaye Jumapili hata maji hakuchota, na hatuna haki ya kuita hilo ujinga. Kijana wetu naye anakuja kanisani Jumapili nyingine, nyingine haji. Anakaa nyuma. Anajiandaa kurudia mitihani miwili, kwa uamuzi wake.

Lakini usiku ule ule wa mechi haukuishia uwanjani. Kule Tokyo ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, mbio za marathoni za wanaume katika mashindano ya dunia ya riadha, na Alphonce Simbu alikuwa anakimbia. Hapa kwetu wanariadha tunawaona, wanapita alfajiri barabara ya Ngaramtoni na pumzi zao zinatoa moshi kwa baridi, kwa hiyo Simbu si jina la redioni tu. Mama na binti walilala. Sisi wawili tulikaa na chupa ya chai ya tangawizi, sauti ya runinga tukiwa tumeipunguza. Mbio zilianza vibaya: mmoja wao aliondoka kabla ya mlio, wote wakarudishwa mstarini. Kijana alishangaa. Kilomita 42 mbele yao, na bado mtu anawahi! Wakaanza upya.

Kwa saa mbili hivi hakuna mengi ya kuona kwenye marathoni, kwa hiyo tuliongea. Wakati mmoja tulifungua kinywa kumtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia kwenye marathoni ya Mexico 1968 na kumaliza zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, goti limefungwa bendeji. "Baba, hiyo umeihubiri mara tatu," kijana alisema. Tukaiacha.

Walipoingia uwanjani, Amanal Petros alikuwa mbele, mzaliwa wa Eritrea aliyefika Ujerumani kama mkimbizi na sasa anakimbia kwa nchi ile ya Luther. Simbu alikuwa nyuma yake, na tulijiambia kwamba fedha nayo ni medali. Halafu Simbu akaanza kumkaribia. Petros akajitupa, akaanguka mstarini, na wote wawili wakapewa muda mmoja, 2:09:48. Simbu mwenyewe alikuwa anatazama ubao kujua kama ameshinda. Sisi tulikuwa tumesimama, tumeshikana mikono, hatupumui, jambo ambalo halipendekezwi kwa mgonjwa wa presha. Jina lake lilipotokea juu, kwa tofauti ya sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo, tulipiga kelele kama watu waliopagawa.

Katika nyumba ya mchungaji, kelele za usiku zina maana moja tu. Haikuchukua dakika tano, tochi ikaonekana getini. Mzee wetu alikuja amejifunga shuka juu ya koti, na nyuma yake mke wake na kanga mbili begani, tayari kwa msiba.

"Bwana Yesu asifiwe. Nani amefariki?"

"Hakuna, babu," kijana alimjibu. "Ni Simbu. Ameshinda Tokyo."

Mzee alitutazama mmoja mmoja, baba mwenye sweta, mwana asiye na shati, mama aliyetoka chumbani na kipimo mkononi. Tulisubiri kuambiwa. Akazima tochi yake, akavua kofia, akavuta kiti karibu na runinga.

"Watarudia kuonyesha?" aliuliza. Kijana wetu akaenda kumletea kikombe.